Mzigo wa Kwenda Harusini

Dukani, 6 Januari

Mdogo wangu,

Nakuandikia nimesimama kaunta maana leo hata kiti sijakiona. Mzigo wa juzi ulifika, ila sikufichi, nusu yake ilikuwa aibu tupu. Kreti za chini zimelowa, na ukifunua kikopo unakuta stroberi moja imeota ukungu na kuwaambukiza majirani zake wote. Mpishi wa hoteli alivirudisha vikopo mbele ya wateja wangu. Sikujua niweke wapi uso.

Nimekuomba usichume kabla umande haujakauka. Na usingoje ziwe nyekundu hadi shingoni, zichume mabega yakiwa bado meupe, rangi zitapata njiani. Najua una mikono miwili tu na Baba naye anaitaka hiyohiyo. Vumilia. Siku Baba akitangulia shamba ni lako, mimi nina duka langu na mume wangu, nitataka nini huko kwenye baridi?

Habari njema ni kwamba mwanangu anaolewa Aprili. Familia anayoolewa si mchezo, baba yao ukitaja jina lake benki wanasimama. Nataka kila meza iwe na bakuli la stroberi, na keki izungushiwe stroberi juu mpaka chini. Za kwako, siyo za mtu mwingine. Nitawaambia ni za shamba la familia.

Nitakuja Februari kumwona Baba. Simu huko kwenu haishiki, kwa hiyo ukiwa na neno mpe dereva wa lori kama kawaida.

Dada yako


Mlimani, 14 Januari

Dada, shikamoo.

Barua yako dereva kanipa imelowa barafu ya kwenye kreti. Nimeianika kwenye kamba pamoja na mashuka ya Baba, ndipo nikaisoma.

Unasema umande. Sikiliza siku yangu ilivyo. Nachuma mistari mitatu, kila stroberi naikata na kikonyo chake, kidole hakigusi nyama. Kisha narudi ndani kumgeuza Baba, maana nisipomgeuza kile kidonda cha kiunoni kinafunguka upya. Namwosha, namlisha uji kijiko kwa kijiko, nanawa, natoka. Kumbe umande umeshakauka nikiwa ndani na jua limeanza kuzipika. Sasa chagua mwenyewe unataka ukungu au unataka jamu.

Baba yuko vilevile tangu kile kiharusi. Upande mmoja umelala na neno halitoki hata moja. Lakini tumezoeana, nikimtazama kope tu najua ni maji au ni kugeuzwa. Kitanda chake nimekisogeza dirishani aone shamba. Ndege akitua kwenye tunda, Baba anagonga kioo kwa ule mkono mzima mpaka ndege aruke. Ndiye mlinzi wangu.

Nilipomwambia habari ya harusi alicheka kwa upande wake mmoja. Picha yako ya shule bado iko ukutani juu ya kichwa chake. Yangu haikuwahi kutundikwa, unajua mwenyewe, na sasa nimekuwa mkubwa sana kuulizia. Huku sokoni naitwa Mama Stroberi, lakini nyumbani nitazeeka naitwa Mdogo.

Yule fundi wa matofali aliyekuwa ananingoja amechoka kungoja. Kaoa mwezi uliopita. Alinialika, nikampelekea kikapu.

Njoo kweli Februari. Usije ukaishia kwenye barua.

Mdogo


Dukani, 20 Februari

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Kiuno kinaniuma kwa ile barabara, sijui lori la matunda linaiwezaje.

Nisamehe kukutuma ng'ambo ya bonde siku nzima kufuata miche, na mimi ndiyo kwanza nimefika. Ila ulirudi na miche mizuri, si bure. Baba alikuwa mchangamfu sana. Tulikaa naye vizuri tu, tukazungumza, yaani mimi nikizungumza na yeye akisikiliza.

Wale mabwana wawili uliowakuta wakiondoka ni marafiki wa shemeji yako. Walikuwa wanapita wakataka kuona mandhari. Walisifu sana shamba lako, mmoja alisema hajawahi kuona mistari imenyooka vile.

Usisahau Aprili. Uanze kuhesabu maua ya stroberi za harusi mapema.

Dada yako


Mlimani, 11 Machi

Dada,

Salamu zangu utazisoma mwishoni kama nitakuwa bado ninazo.

Leo asubuhi nimetoka na kijembe changu cha palizi nikakuta mtu kainama katikati ya stroberi anapigilia vigingi. Ametoboa nailoni niliyofunika matuta, kakanyaga matunda mabichi. Nikamuuliza anatafuta nini. Hakuwa mtu mbaya. Aliniamkia, akasema yeye ni mpima ardhi, ametumwa. Akanionyesha mpaka unaanzia wapi. Unaanzia mlangoni kwetu, Dada. Akasema shamba limeuzwa pamoja na nyumba na mimea iliyomo, na mwenyewe mpya atajenga hoteli ndogo, wageni wawe wanajichumia stroberi wenyewe. Nilimwuliza nani kauza. Akaniambia, "Mzee mwenyewe ameweka dole gumba, mama. Mimi napima tu."

Jioni ile ulipoondoka nilimkuta Baba ana dole gumba la buluu. Nikadhani mlikuwa mnachezea kalamu. Nililisugua kwa limau na sabuni mpaka likatakata, yeye akinitazama. Alinitazama sana siku ile. Nikamwambia, "Baba, umekuwa mtoto, unajipaka wino." Nikacheka peke yangu.

Niliacha cherehani mjini nikarudi huku kwa sababu uliniambia mmoja wetu lazima arudi na wewe una watoto. Ulisema shamba litakuwa langu. Umelisema kwa mdomo na umelisema kwa barua, juzi tu hapa Januari.

Nataka jibu moja. Baba alijua anaweka dole kwenye nini?

Mdogo


Dukani, 19 Machi

Mdogo wangu,

Nilitaka kukwambia baada ya harusi, tukiwa tumekaa chini kama watu wazima. Yule mpimaji kawahi.

Baba alijua. Nilimweleza taratibu, nikamwuliza unakubali, akaitikia kwa kichwa. Mashahidi waliona. Usinifanye mimi mwizi wa baba yangu mwenyewe. Shamba lile ni la Baba na mimi ni mkubwa wake. Wewe umelima, sikatai, lakini umelala bure, umekula bure, na matunda yako nani aliyekuwa anayauza? Ungeyapeleka wapi bila mimi? Ungewauzia ndege?

Jaribu kuelewa na upande wangu. Binti yangu anaingia kwenye familia ya watu. Hawezi kuingia mikono mitupu kama yatima. Wewe huna mtoto, hili huwezi kulijua.

Sijakutupa. Mtahama mwisho wa Aprili. Wewe utakuja kwangu, kuna kile chumba nyuma ya duka, utakuwa unapokea mizigo na kupanga vikopo, kazi unayoijua. Baba nimesikia kuna nyumba ya kulelea wazee, watawa wanaiendesha, wasafi sana. Tutakuwa tunamtembelea.

Naomba jambo hili lisiharibu siku ya mwanangu. Stroberi za meza kumi na tano na za keki. Umeniahidi.

Dada yako


Mlimani, 2 Aprili

Dada, shikamoo.

Nimefikiri, na hasira zimeisha. Wewe ni mkubwa, umeona mbali kuliko mimi.

Mzigo wa harusi nitaufunga mwenyewe. Usihangaike kuja kuupokea stendi ya malori, utachafuka bure na siku ni ya kupendeza. Nitamwagiza dereva aulete moja kwa moja ukumbini, mlango wa mbele, kabla wageni hawajakaa. Waambie wahudumu wakae tayari kuupokea.

Mbusu bibi harusi. Mwambie mama yake mdogo ametoa kitu bora alichokuwa nacho shambani.

Mdogo


Stendi ya malori, 16 Aprili

Mama Stroberi,

Mimi si mtu wa kalamu, lakini maneno haya nikingoja kukwambia uso kwa uso nitatukana.

Uliniambia Mzee amealikwa, na wenyewe wanamngoja. Ukamvalisha koti la suti, ukamchana nywele, ukamfunga blanketi, tukamlaza kwenye godoro katikati ya kreti nne. Nikakuuliza mbona kreti ni nne tu, ukasema nyingine zimeshatangulia. Uliniingiza mkenge.

Njia nzima nilikuwa nasimama kumtazama. Alikuwa amefurahi, nakwambia kweli. Kila nikifungua mlango anacheka na ule upande wake. Kushuka bondeni joto likaanza, na akajichafua. Mimi sikuweza kumbadilisha, sikujua naanzia wapi.

Tumefika, watu wamejipanga ngazini wanapigwa picha. Wahudumu wakaja mbio kupokea stroberi. Nikafungua. Harufu ikatoka kwanza. Dada yako akashuka na viatu vyake vya kung'aa, akaniuliza mzigo uko wapi. Nikamwambia mzigo ndio huu, mama, nimeambiwa nikukabidhi wewe mkononi. Akasema kwa sauti ya chini nimrudishe alikotoka. Nikamwambia mimi napakia kutoka mlimani, sipakii kwenda.

Mama wa bwana harusi akasogea na kitambaa puani, akauliza huyu mzee ni nani. Dada yako akajibu, "Ni mzee mmoja tu wa huko shambani kwetu." Mzee haongei lakini masikio yake ni mazima, Mama Stroberi. Niliona uso wake. Ule upande unaocheka uliacha kucheka.

Halafu bibi harusi akatoka, na gauni lake lote lile, akapiga magoti barabarani. Akasema, "Babu, shikamoo." Watu wote wakasikia. Hapo hata mpiga picha alishusha kamera.

Wamemwingiza kwa mlango wa jikoni. Godoro lako ninalo. Usinipe tena kazi ya namna hii.

Dereva


Dukani, 24 Aprili

Wewe,

Umefurahi? Harusi imefungwa, hilo hukuweza kulizuia. Lakini wakwe hawajanitazama machoni tangu siku ile. Mama mkwe anamwambia binti yangu, mama yako kamkana baba yake, wewe utamkana nani?

Haikukutosha. Mnunuzi amekwenda kukabidhiwa shamba akakuta mashimo. Mstari baada ya mstari, mashimo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Hata shina moja hukubakisha, mpaka nailoni umekunja. Anataka stroberi zake alizonunua au anakwenda mahakamani. Mume wangu haongei na mimi.

Baba nimemlaza chumba cha nyuma ya duka, kile ambacho kingekuwa chako. Watawa wamekataa, wanasema hawapokei mtu ambaye watoto wake wako hai na wanazo nyumba. Msichana wa kazi alimbadilisha mara mbili akaomba kuondoka. Kwa hiyo namwosha mimi, halafu nanawa nakwenda kuuza matunda. Unanijua nilivyo na kinyaa.

Kuna joto, dirisha liko juu, haoni kitu ila ukuta. Analia asubuhi. Sijui analilia nini.

Dada


Ng'ambo ya bonde, 5 Mei

Dada,

Nimekodi kipande huku, kwa yule aliyenipa miche siku uliyonituma. Kumbe ulinionyesha njia mwenyewe. Miche yangu yote nimeihamisha na udongo wake kwenye mizizi, imeshika. Mingine imeanza kutoa maua. Mwambie mnunuzi wako alinunua ardhi, basi ardhi si ipo?

Kuhusu Baba, nakupa maelekezo, nisije kuambiwa nimekunyima. Mgeuze upande kila baada ya muda, la sivyo kiuno kitaoza. Uji uwe mwepesi, ukiwa mzito anapaliwa. Mkate kucha za mkono wa upande uliolala, unajikunja na kucha zinachimba kiganja. Mashuka usiyaache yalale na uchafu hadi kesho. Harufu utaizoea. Mimi ilinichukua mwezi, wewe una pua ya mjini, labda itachukua zaidi.

Analilia nini, muulize. Si uliniambia anajibu kwa kichwa? Alikubali kuuza shamba kwa kichwa, basi hayo madogo hatashindwa.

Wateja wangu wapya wako barabara kuu, wananunua hapohapo zikiwa za moto wa jua. Sijapata lalamiko hata moja.

Mdogo


Dukani, 20 Mei

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena.

Baba ameanza kutoa neno. Daktari alikuja akasema hutokea, mtu akikaa muda hupata neno moja au mawili. Lake ni moja. Anasema "ndo." Asubuhi akiamka anasema "ndo, ndo." Mlango ukifunguka, anainua kichwa, akiona ni mimi anakilaza tena, halafu anasema "ndo." Lori la matunda likipiga honi nje ndiyo kabisa, analisema mpaka anapata kikohozi na machozi yanamtoka.

Nimempa maji, siyo. Nimempa uji, anafumba mdomo. Nimemletea picha yangu ile ya shule uliyomfungia kwenye blanketi, akaigeuza kwa mkono ule mzima, akailaza kifudifudi.

Wewe ndiye uliyekaa naye. Wewe ndiye unayemwelewa. Nakuuliza, "ndo" ni nini? Ni ndoo?

Lori hupita huko kwenu Jumanne na Ijumaa. Kiti cha mbele huwa kitupu.

Dada yako


Ng'ambo ya bonde, 27 Mei

Dada,

Ndiyo, ni ndoo. Anataka kuogeshwa.

Huku alizoea maji ya baridi, ya bombani moja kwa moja, mwili mzima mpaka kichwani. Akisema "ndo" jua ndiyo hiyo. Usimpashie moto, hapendi. Akitikisika usimsikilize, ni kawaida yake, ndivyo anavyofurahi.

Mimi siwezi kuja, stroberi zimeiva zote kwa mara moja.

Mdogo


Stendi ya malori, 8 Juni

Mama Stroberi,

Nilisema sitakuandikia tena, lakini nimemwona Mzee.

Nilipeleka mananasi dukani kwa dada yako nikasikia sauti chumba cha nyuma. Nikaingia. Amekaa kwenye beseni, maji yanamchuruzika, midomo ya kijivu, meno yanagongana. Dada yako ameshika kopo, naye amelowa, anamwambia, "Si umeitaka mwenyewe, Baba?" Akamwagia. Mzee akaniona mimi. Akanyoosha mkono ule mzima, si kwangu, nje, kwenye lori. Akasema, "Ndo."

Mimi sikusoma sana, lakini nimekuwa nikija nyumbani kwenu tangu Mzee anatembea. Nilikuwa nikimsikia anavyokuita shambani ulete kreti. Anakuita wewe. Hana pumzi ya kulimaliza jina, basi.

Ijumaa nitapiga honi barabara kuu. Nitangoja. Ukipanda, panda. Hata kreti usibebe.

Dereva


Dukani, 19 Juni

Mdogo wangu,

Baba ametangulia Jumapili alfajiri. Ilikuwa kichomi. Alianza kukohoa wiki iliyopita, daktari akasema mapafu yamejaa maji, na mtu wa kulala vile hana nguvu ya kukohoa yakatoka.

Tumemzika huku mjini. Ningemrudisha mlimani ningemzika wapi? Shamba si letu tena. Watu walikuwa wachache. Binti yangu alikuja na mumewe, wakwe hawakuja. Dereva alisimama mbali, kofia mkononi, hakunisalimia.

Nakushukuru kwa kunifafanulia lile neno. Nilimwogesha kila alipoliita, asubuhi na jioni, na mchana pia akiita. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, wala sikumwachia mtu. Kwa hilo moja nafsi yangu imetulia. Alichokiomba nilimpa.

Kabla Baba hajatangulia, dereva aliniambia alikupigia honi Ijumaa ile mpaka watu wakatoka majumbani, na alikuona umesimama katikati ya mistari na kikapu. Anasema hukuinua uso.

Koti lake la suti ninalo. Ukilitaka nitalituma.

Dada yako


Ng'ambo ya bonde, 30 Juni

Dada,

Koti sitaki. Na usitulie.

"Ndo" siyo ndoo. Hapakuwa na ndoo yoyote. Baba huku nilikuwa namwosha kwa maji ya vuguvugu, kitambaa kidogo kidogo, chumba nimekifunga upepo usiingie, maana kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Alikuwa ananiita mimi. Mdogo. Nilijua pale pale niliposoma barua yako. Tangu augue sikuwahi kumsikia analisema kwa sababu kwangu hakuwa na haja ya kuita, nilikuwepo. Nikakaa chini kwenye matuta. Maisha yangu yote nilijua anakupenda wewe, na ndiyo maana nilimpakia kwenye lori bila kulia. Kisha naambiwa kaigeuza picha yako kifudifudi, ananiita mimi.

Ningeweza kupanda Ijumaa. Nilisikia honi. Lakini nikasema acha aendelee kuniita huko kwako, uwe unasikia kila siku. Wewe ulimfanya aweke dole kwenye kitu asichokijua. Na mimi nikakufanya umwagie maji mtu aliyekuwa anamtafuta mwanawe. Kila ndoo uliyomwagia, alikuwa ameniita, ukaja wewe.

Nakuambia ili ujue ulichokuwa unakifanya kwa mikono hiyo.

Mdogo


Dukani, 9 Julai

Mdogo,

Nilijua.

Binti yangu alikuja kumsalimu Baba siku ya pili tu tangu apate lile neno. Akalisikia mara moja, akaniambia, "Mama, si anamwita mama mdogo?" Ni kweli, nani asiyelijua jina la mdogo wake?

Nilikuandikia kukuuliza nikiwa najua. Nilitaka ulisome kwa macho yako, uone haya, upande lori uje. Nilikutajia mpaka siku lori linapopita. Kukuomba kwa mdomo sikuweza, baada ya yale ya ukumbini. Ukanijibu ndoo. Maji ya baridi, mpaka kichwani. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Halafu nikakunja barua, nikaenda bombani, nikajaza.

Kila alipokuita nilijaza. Nilikuwa nasema moyoni, haya, Mdogo wako huyu hapa Baba, amekuletea hii. Nilidhani utashindwa wewe kwanza. Nilidhani Ijumaa ile utapanda.

Siku mbili za mwisho hakuita tena. Aliniona tu naingia na ndoo, akaanza mwenyewe kufungua vifungo vya shati kwa ule mkono mzima.

Dada